Mirija Sita ya Njia ya Wamaza

Saa 12:00 asubuhi, Kasongo.

Katika chumba cha nyuma cha fundi baiskeli, Faradji alichora barabara ya Kabambare sakafuni kwa mkaa. Alitumia mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umekufa tangu panga lilipokata mshipa wake wa fahamu machimboni Lusangi, miaka miwili nyuma.

Mkewe Odile, muuguzi, alieleza mzigo. Mirija sita, myembamba kama bua la mpunga. Inaunganisha mshipa uliokatika, inapitisha umeme wake, kisha inayeyuka mwilini mshipa ukishaota. Daktari mgeni angepita nayo leo barabara hiyo, akiipeleka hospitali ya Kabambare. Faradji alikuwa amemwomba mmoja, akakataliwa. Mpasuaji wa Kalemie alikubali kumpasua, mradi alete mrija mwenyewe.

"Pakiti hapana fungua," Odile alisema. "Ikifunguka, imekufa."

Akasoma majina ya wagonjwa sita walioingoja huko. Célestin, mwendesha pikipiki, akasikia la dada yake, Ernestine, aliyekatwa mshipa wa mkono na bati mwezi uliopita. Hata hivyo hakujitoa. Shimo la machimbo lilipomfukia, Faradji ndiye aliyemfukua.

Saa 8:20 mchana, karibu na Wamaza.

Gari la daktari lilinasa matopeni. Faradji akamwelekezea dereva bastola kichwani. Daktari alitoa kisanduku taratibu.

"Nilipima mukono yako," alimwambia Faradji. "Mushipa umelala sana. Hii haitauamusha."

Faradji alimtwanga kwa kitako cha bastola, akanyakua kisanduku na kupanda pikipiki nyuma ya Célestin.

Saa 8:45.

Njia panda. Célestin alipaswa kushika njia ya Kalemie. Akakata kuelekea Kabambare.

Bastola ikamgusa shingo. "Unanipeleka wapi?"

"Ernestine ni dada yangu, kaka."

Risasi ilimpasua bega. Pikipiki ikaanguka, kisanduku kikafunguka. Célestin alijiburuta, akazilalia pakiti kwa tumbo. Faradji alikuwa ameshanyakua moja. Aliichana kwa meno, akapasua kovu lake kwa kisu, akausukuma mrija nyamani huku analia.

Askari wa kizuizi cha barabarani kilichokuwa karibu walisikia mlio. Waliwakuta hivyo.

Gereza la Kasongo, wiki tano baadaye.

Odile alikuwa ametoroka. Mirija mitano iliwafikia wagonjwa. Mgonjwa wa sita, mama muuza mawese, alirudishwa kwao bila kitu. Mkono wa Faradji ulioza, ukakatwa.

Yeye na Célestin waliwekwa chumba kimoja. Kila asubuhi Faradji aliuliza kama vidole vya Ernestine vimeanza kusogea.

"Bado," Célestin alijibu. "Mushipa unaota polepole."

Faradji aligeukia ukuta. Kesho yake aliuliza tena.