Mahindi Juu ya Bati

"Mwenye kujua kizuizi cha ndoa hii, aseme."

Katekista Nikolausi alikuwa ameshaanza kukunja karatasi yake, maana kwenye matangazo ya ndoa kanisa la Dongobesh huwa linanyamaza tu. Mara benchi la akina mama likalia kwaa! Shangazi Mectilda akasimama.

"Mimi ninacho. Huyu Emilian Margwe ameshaoa. Nimemwona kwa macho yangu, na pete akavishwa."

"Ulimwona wapi, mama?"

"Kwenye tivii."

Kanisa zima likaangua kicheko. Hata Padri Evarist aliinama, mabega yakimtikisika. Zita peke yake, bibi harusi mtarajiwa, hakucheka. Emilian wake, mtoto wa kijiji cha Maretadu, alikuwa mwigizaji anayejulikana nchi nzima, jukwaani na kwenye tamthilia, na kilichompa jina ni kulia. Akilia yeye, sebule nzima inatafuta leso. Sasa mtu ambaye kazi yake ni kulia, utamjuaje siku akilia kweli? Swali hilo lilikuwa linamwasha Zita tangu alipochumbiwa.

"Shangazi, umeniaibisha," alisema walipofika nyumbani. "Ile ni tamthilia."

"Tamthilia, na padri yupo pale na kanzu yake? Haya, tazama mwenyewe."

Shangazi akamsogezea simu. Emilian alikuwa amemshika mikono mrembo mmoja mwenye shela, machozi yanamtiririka, anasema:

"Nitakungoja hadi mahindi yaote juu ya bati. Na yakiota, nitayapalilia."

Zita akamrudishia simu. Maneno hayohayo Emilian alimwambia yeye, dukani kwake, katikati ya mifuko ya mbegu, siku aliyomposa. Ndiyo yaliyomfanya akubali. Kumbe ni mitumba!

Akaandika meseji: "Nimeiona harusi yako. Maneno uliyonipa mimi ulishampa mwingine. Mwambie Padri asimamishe yetu."

Simu ikaita papo hapo.

"Zita, napanda basi nakuja."

"Usije na machozi yako."

"Nakuja bila."

Kesho yake jioni akaingia jikoni kwa Shangazi, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mume wa watu."

Zita hakumpa hata kigoda.

"Nijibu. Nani alikuandikia yale maneno?"

"Hakuna. Niliyoandikiwa yalikuwa ya maua na nyota. Nikayasema, macho makavu kama mahindi ya ghalani. Mwongozaji akakata, tukarudia, akakata tena, mpaka akaanza kunitukana. Ndipo nikamkumbuka yule mzee wa Wales aliyekuja kutufundisha chuoni. Mwigizaji mkubwa. Alianzia kwenye maigizo ya kanisa kijijini kwao, akafika majukwaa ya London, akafika sinema."

"Wales ndiyo wapi?" Hasira alikuwa nayo, lakini udadisi nao haukumwacha.

"Milima, baridi na kondoo. Kama Mbulu bila mahindi. Na wana lugha yao ya nyumbani, Kiingereza alikutana nacho shuleni, kama sisi na Kiswahili. Tukamuuliza machozi anayatoa wapi. Akasema, kuna mlango mmoja wa kwao, akiukumbuka unavyofungwa, analia. Basi na mimi nikatafuta mlango wangu."

"Ukapata upi?"

"Huu hapa wa jiko."

Shangazi akaacha kukoroga makande.

"Siku naenda chuo nilikuja kukuaga," Emilian akaendelea. "Nikiwa hapo nje na begi, nikasikia unagombezwa: 'Utamngoja huyo hadi mahindi yaote juu ya bati!' Na wewe ukajibu huku unalia: 'Yakiota, nitayapalilia.' Nikashindwa kupiga hodi. Nikaondoka. Mbele ya kamera nikaukumbuka mlango huu, machozi yakaja, na maneno hayo yakatoka nayo."

Zita hakukumbuka kitu. Akamkazia macho usoni, akitafuta chozi. Halikuwepo.

"Nitajuaje kwamba huigizi?"

"Haigizi," Shangazi akasema, sauti imepungua. "Aliyekugombeza ni mimi. Maziwa yakaungua siku hiyo kwa ajili ya mdomo wangu. Ndiyo maana kwenye tivii yale maneno yalikuwa yananikera, sikujua kwa nini."

Zita akakaa chini. Moyo ulikuwa umeshatulia, lakini hakutaka kumwachia kirahisi.

"Kwa hiyo maneno yangu ukampa mwanamke mwingine mbele ya nchi nzima?"

"Nilikosea. Ningekuomba kwanza. Nisamehe, Zita."

"Yasirudi kwenye kamera tena."

"Na nikitakiwa kulia?"

"Kata kitunguu."

Shangazi ndiye aliyeanza kucheka.

"Kizuizi changu nakwenda kukifuta kwa Padri," akasema. "Lakini nusu ya maneno hayo ni yangu, na mimi sijamalizana nanyi."

Siku ya harusi watu walikuja na simu mkononi wakingoja yale machozi maarufu. Hawakupata hata tone. Emilian alikuwa anacheka tu, meno yote nje, mpaka Padri Evarist akamnong'oneza atulie.

Waliporudi nyumbani, wakakuta ngazi imeegeshwa kwenye ukuta wa jiko. Juu ya bati kulikuwa na beseni bovu lililojaa udongo, na ndani yake mahindi yamechipua kijani kibichi. Shangazi Mectilda akamnyooshea bwana harusi jembe.

"Haya, palilia."

Kabla Emilian hajalipokea, Zita akalinyakua.

"Aliyesema atapalilia ni mimi."

Akakusanya gauni, akapanda, huku vigelegele vikipasuka na simu zote zikimfuata yeye juu ya bati. Chini, Emilian alishika ngazi kwa mikono miwili, machozi yanamtoka, na hakuna hata mmoja aliyempiga picha.