Mwanamume wa Safu ya H

Ketaki Dubey alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na hakuna kitu alichokichukia kama sinema za Kihindi za mapenzi ya kuchekesha. Alikuwa akisema zimetengenezwa kwa ajili ya watu ambao hawajawahi kuachwa. Yeye aliachwa, tena kadi za harusi zimeshachapwa, na tangu hapo miaka mitano yote alikuwa akiuza miwani katika duka moja la Indore na kurudi nyumbani kula kimya kimya. Kwa hiyo Jumapili ile ya Julai, mvua inanyesha na umati unasukumana mlangoni pa sinema, hakwenda kwa raha zake. Alikwenda kuangaliwa na mchumba.

Mtindo wao ni huu: wazazi wanapatana pembeni, kijana na binti wanakutana kana kwamba ni bahati tu, mahali penye watu, na hakuna kutajana majina. Wasipopendana, kila mtu anakwenda zake na hakuna aliyeaibika. Bi Nirmala, shangazi wa kijana, alikuwa ametoa maelekezo kwa simu. Pramod, injinia, anatoka Bhopal. Safu ya H, shati la buluu hafifu. Picha yake moja waliyoletewa ilikuwa ya mtu kavaa miwani nyeusi juani.

"Hii ndiyo ya mwisho, mwanangu," mama yake alimwambia akimtengenezea mtandio. "Wakwe wa Mrinal watangoja mpaka sikukuu ya Diwali tu."

Mrinal ni mdogo wake. Mdogo haolewi mkubwa akiwa bado nyumbani, na Mrinal alikuwa amempenda kijana wake mpaka amekonda. Basi Ketaki alivaa nguo ya hariri ya kijani na mtandio wa rangi ya haradali, akaenda zake na moyo mzito.

Kwenye kaunta ya sambusa mtu alimgonga, chai ikamwagikia mtandio. Alipogeuka aliona shati la buluu hafifu, na juu yake uso mpana wenye haya. Akamwuliza amekaa safu gani. Ya H, akasema yule bwana, akimpangusa kwa leso yake mwenyewe.

"Basi umeanza vizuri," Ketaki alimwambia. "Mwenzio nimekuja mkavu."

Walikaa pamoja. Yule bwana alimwuliza jina, naye Ketaki, akidhani anamchezea, akamjibu kwamba jina lake analijua vizuri, aache ujanja. Taa zikazimwa.

Jamani, sinema yenyewe ilikuwa ya kijinga. Bwana harusi anaikimbia harusi yake, anajificha ndani ya jokofu la mwuza aiskrimu, na binti wa mwuza aiskrimu anampenda huku anampitishia maji ya moto kwa kikombe asigande. Ketaki aliingia na midomo imekazwa. Dakika ya ishirini ilimtoka sauti puani. Dakika ya arobaini alikuwa amemshika jirani yake mkono wa shati, machozi yanamtiririka, hawezi kupumua kwa kicheko. Hata wimbo wa mvua, ambao kwa kawaida ungemfanya atafute mlango, aliusikiliza mpaka mwisho, na mguu wake ukawa unapiga mdundo. Alikuwa ameshasahau kwamba mwili wake unaweza kufanya hivyo.

"Una magego mazuri," yule bwana alimnong'oneza. "Nimeyaona yote."

Injinia wa ajabu, Ketaki aliwaza, na akazidi kucheka.

Wakati wa mapumziko waligawana sambusa moja. Ndipo Ketaki akamwambia kwamba ile picha ilimwonea bure, mama yake alifikiri anaficha makengeza, na ingefaa Bi Nirmala alete nyingine. Yule bwana aliacha kutafuna. Alitupa macho mpaka mwisho wa safu.

"Mpiga picha hakuwa mzuri," akasema.

Sinema ilipokwisha walipeana namba. Ketaki alifika nyumbani amelowa, akasimama katikati ya sebule na kusema ndiyo, amemkubali. Mama yake akalia. Mrinal alimrukia dada yake shingoni, kisha akatumwa mbio kununua peremende za maziwa wagawiwe majirani.

Majirani walikuwa bado wanatafuna simu ilipolia. Bi Nirmala alikuwa anafoka. Mpwa wake amekaa mwisho wa safu ya H kwa muda wa saa mbili na nusu peke yake, anamtazama binti wao akimshika mwanamume mwingine mkono na kula naye sambusa. Binti gani huyo? Mama aliapa kwamba ni binamu tu, akaiweka simu chini polepole na kumwuliza Ketaki alikaa na nani. Ketaki hakuwa na jina la kumpa.

Jina lilikuja kesho yake mchana kwa simu, Ketaki akiwa dukani. Ni Girish Soni, fundi wa meno ya bandia, na alitaka kueleza.

"Ulijua lini?" Ketaki alimkatiza.

"Kwenye mapumziko."

"Na ukanyamaza."

"Nilijua nikisema utanyanyuka. Sikutaka unyanyuke."

"Girish, nilikwenda nyumbani nikasema ndiyo. Mama yangu amegawa peremende mtaa mzima. Mdogo wangu hali. Wewe ulitaka tu nusu ya pili ya sinema."

Akakata simu. Alipiga tena siku iliyofuata, na iliyofuata, naye hakupokea. Lakini kila jioni alikuwa akiitazama simu ile, na ilipokaa kimya aliumia, akajichukia kwa kuumia huko.

Agosti ilipoingia, Bi Nirmala alilegea. Pramod yuko radhi kusahau, alisema, ikiwa kweli yule ni binamu wa msichana, kama mama alivyoapa kwa woga siku ile kwenye simu. Na kwa kuwa sikukuu ya kaka na dada imekaribia, basi binamu huyo aje, Ketaki amfunge uzi mkononi mbele yao, waone kwa macho. Aliyefungwa uzi huo ni kaka mpaka kufa. Harusi baina yao haipo tena, si ya leo wala ya kesho.

Mama aliichukua simu ya Ketaki na kumpigia Girish mwenyewe. Alimsihi. Alimweleza habari za Mrinal. Girish akasema atakuja.

Ketaki aliposikia kwamba amekubali, aliingia jikoni akafungulia bomba maji yatoe kelele, akalia.

Siku ya sikukuu Pramod na shangazi yake walikaa kwenye kochi, wote wawili wamenyooka. Girish alikuja na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ina makali, akaketi kwenye kigoda. Alikuwa amepungua. Ketaki alileta sinia: taa ndogo, poda nyekundu, vitamu, na uzi wa dhahabu. Akachuchumaa mbele yake. Girish alinyoosha mkono wa kulia.

"Funga," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi ndiye niliyewaharibia."

Ketaki aliuokota uzi. Alimtazama Mrinal mlangoni, macho yamemvimba, amejifumbata. Angefunga fundo moja tu, nyumba nzima ingepumua. Akauzungusha uzi kwenye kifundo cha mkono wa Girish, na mikono yake ikakataa kwenda mbele.

"Nisamehe, Mrinal," akasema. Akauondoa uzi ule, akaurudisha kwenye sinia. "Huyu si binamu yangu. Nilimkuta sinema. Nampenda, na bado nina hasira naye."

Bi Nirmala alishasimama. Pramod, kwa heshima zake zote, alivaa viatu akamfuata. Hakuna aliyewasindikiza; mlango ulijifunga wenyewe nyuma yao.

Mama alikaa sakafuni pale pale alipokuwa. Ukoo wa akina Soni haukuwa wa tabaka lake, na hakuwahi kufikiria kuoza binti kwao. Hakumtazama Ketaki. Alimtazama Girish, ambaye mkono wake ulikuwa bado umenyooka hewani, amesahau kuurudisha.

"Unamtaka?" mama alimwuliza.

"Namtaka, mama."

"Una mzazi?"

"Ninaye. Mama yangu."

Mama alifuta uso kwa pindo la sari. "Basi nyanyuka ukamlete. Sasa hivi. Nirmala akiwafikishia wakwe wa Mrinal maneno yake kabla mama yako hajaja kuposa, binti zangu wote wawili watanibaki nyumbani."