Jina la Tshala Kwenye Hati ya Nyumba

"Soma hii kwanza," Jérémy alisema, akampa Tshala karatasi kabla hajamaliza kufunga vifungo vya toge, joho la mahakamani.

Ilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi, katika studio ndogo ya televisheni katikati ya mji wa Kamina, mahali ambapo kuta zilifunikwa blanketi ili sauti isirudi. Toge ile nyeusi iliazimwa kwa wakili mmoja. Katika mchezo wao wa kila wiki, Tshala Kapinga ndiye alikuwa Mama Procureur, mwendesha mashtaka anayemfuata tajiri mmoja wa benki aliyekula akiba za watu. Mchezo ulipendwa mpaka mji wa Kaniama. Siku hiyo walipaswa kurekodi sehemu ya mwisho, tajiri afungwe.

Karatasi ya Jérémy ilisema vingine. Tajiri anaachiliwa, kesi inafutwa, na Mama Procureur anaolewa naye.

"Nani aliandika hii?"

"Minyi," akajibu, akijigusa kifua.

"Weye unaandika théâtre tangu lini?"

Esdras, mtunzi na kiongozi wa mchezo, alijifanya anatengeneza waya wa mikro. Alikuwa na sababu ya kunyamaza. Mafuta ya jenereta, kamera, hata soda za wachezaji vililipwa na Mutuelle Ditalala, chama cha akiba cha pale mjini, na gérant wa Ditalala, yaani meneja wake, alikuwa huyo huyo Jérémy Kapenda, mwana wa pasta Kapenda, kijana wa shati lililopigwa pasi na sauti ya chini. Tena ndiye mchumba wa Tshala. Ndoa ilibakiza wiki tano.

"Chérie, bantu bananiita ku njia jina ya ule mwizi," alimwambia polepole. "Batoto banaimba nikipita. Haiko muzuri kwa mutuelle."

"Kama hauko mwizi, jina itakufanya nini?"

Alisema kwa utani, kama walivyozoea. Lakini Jérémy hakucheka. Aliangalia mlango, na Tshala akaona shingo yake imelowa jasho, na huo ulikuwa mwezi wa sita, asubuhi za baridi. Tshala akaikunja ile karatasi, akamwambia Esdras kwamba sauti yake imekauka, warekodi wiki ijayo.

Hakuwa mwanamke wa kumshuku mtu bure, na kwa huyu alikuwa na deni la moyo. Mwaka uliopita mama yake, Mamu Biuma, aliugua malaria akiwa Kaniama kununua mahindi. Hakukuwa na gari. Jérémy alichukua pikipiki, akaenda, akamkuta hawezi hata kukaa. Alimfunga mgongoni mwake kwa kitenge kama mtoto, wakarudi siku mbili katika matope. Mama alipona. Tangu hapo Tshala alimpenda mtu yule bila kipimo, na Jérémy alipomwomba apigwe picha akiwa na toge yake kwa ajili ya bango la mutuelle, hakuuliza mara mbili. Bango likasimama mbele ya soko: *Mama Procureur anasema: akiba yako iko mu mikono ya salama.* Wakaingia walimu wenzake wa shule ya msingi. Wakaingia wake za askari wa Base, kambi ya jeshi. Mamu Biuma naye akaweka mtaji wake wote.

Jumatatu, wakati wa mapumziko, simu ya Tshala ililia. Ujumbe wa Émerence, msichana wa kaunta pale Ditalala aliyemwita Yaya, yaani dada:

*Yaya Tshala, kuya ku bureau. Kuya peke yako. Yeye ameenda ku banque.*

Alikuta wanawake wamejipanga mpaka nje, na kwenye dirisha la kaunta kikaratasi: *Leo système haiko.* Mmoja wao alimwambia kwamba système haiko tangu wiki tatu. Mwingine alikuwa mke wa askari. Alimtazama yeye, kisha akatazama upande wa soko, kwenye bango.

Émerence alimwingiza nyuma, akafunga mlango, akamwonyesha sanduku la pesa.

"Yaya, mu caisse hamuna kitu. Tangu mwezi wa tatu. Feza ilienda Lubumbashi kidogo kidogo, akasema ni placement, itazaa faida." Akatoa karatasi chini ya daftari. "Lakini minyi nilikuita ju ya hii. Angalia jina."

Ilikuwa nakala ya hati ya nyumba, Lubumbashi, vyumba vinne na kisima. Mwenye nyumba: Kapinga Tshala. Chini kulikuwa na sahihi, na sahihi ilikuwa yake kabisa, pamoja na ule mkia anaouvuta kwenye herufi ya mwisho.

Akakumbuka. Mwezi wa nne, mbele ya shule, Jérémy alikuja na karatasi nne akisema ni za commune, ofisi ya mji, za ndoa ya serikali. Tshala alikuwa anakula beignets, maandazi ya mafuta. Alisaini juu ya boneti ya gari akicheka, mdomo umejaa, bila kusoma hata mstari mmoja.

Yeye na Jérémy wakakutana saa tisa ndani ya gari lile lile, mbele ya gare, stesheni ya treni. Alimwekea hati mapajani.

"Hii nyumba ni ya nani?"

Jérémy hakukana. Alisema ni yao, alitaka kumwonyesha baada ya ndoa, alishanunua hata mapazia.

"Jina yangu uliiweka ju unanipenda, ao ju ujifiche nyuma yake?"

Wapiga debe wa pikipiki walikuwa wanagombea abiria pembeni ya dirisha; Jérémy akapandisha kioo.

"Byote mbili," akasema mwisho.

Baadaye Tshala alikuwa akisema kwamba kama angemdanganya pale, ingekuwa rahisi kumchukia. Jibu lile ndilo lilimvunja.

Jérémy akaeleza yote. Alianza na mzigo mmoja wa mahindi uliopotea, akachukua pesa za watu kuuziba, akachukua nyingine kuziba zile. Kisha akaona kwamba kama kuanguka ni kuanguka, basi angalau mke wake apate mahali pa kulala. Mchezo wa televisheni ukimalizika vizuri, watu watatulia. Miezi sita, atarudisha kila kitu.

"Uza nyumba leo, urudishie bantu."

"Nikiuza leo, kila muntu atajua. Baba atajua."

"Basi twende ku parquet, weye na minyi, tuseme yote mbele ya procureur."

"Unajua wa kwanza kufungwa atakuwa nani?" Aliuliza kwa sauti ya chini, karibu ya huruma. "Angalia signature, Tshala."

Labda alimwonya tu. Lakini Tshala alisikia kitisho, na kitu ndani yake kikasimama wima. Alivua pete, akaiweka juu ya hati, kisha akafikiri, akachukua hati na kuacha pete.

Kesho yake, Jumanne asubuhi, ukaingia ujumbe wa Jérémy kuhusu ndege ya Jumatano kwenda Lubumbashi:

*Niko na nafasi mbili mu avion ya mercredi. Tutaoana kule, hakuna mwenye atatujua. Nakuomba. Jibu.*

Alijibu mbele ya wanafunzi wake, chaki bado mkononi:

*Mercredi niko na kazi ku parquet.*

Nyumbani kulikuwa na vita nyingine. Mamu Biuma alikuwa anapukuchua mahindi uani. Alisikiliza mpaka mwisho bila kusimamisha vidole vyake. Mtaji wake ulikuwa umekwenda, na hakuutaja. Alitaja jina la Kapenda.

"Ile familia iko na mizizi hapa, muana wanyi. Baba yao alibatiza nusu ya muji. Siye ni batu ba Kasai. Mwaka wa makumi tisa na tatu balitufukuza hapa, tukatoka mu wagon na sufuria moya, na bantu benye tulikula nabo banatuangalia tu. Tulirudia polepole. Kama unapigana na bale, bataanza kuuliza tena tulitoka wapi. Nyamaza. Uoleke, ao usioleke, lakini nyamaza."

"Mamu, bibi ya basoda ba Base baliweka feza ju ya sura yangu."

"Na bakikufunga?"

"Banifunge. Nikikimbia na yeye ao nikinyamaza, batasema Bakasai njo balikula. Mara ya kwanza batu balitutosha hapa, balitufukuza. Hii mara tutakuwa tumejitosha sisi benyewe. Minyi sitoki."

Mama alipukuchua gunzi lile mpaka likabaki tupu. Kisha akaingia ndani. Alipotoka Jumatano asubuhi alikuwa amevaa nguo ya kanisa na kushika mfuko: kitenge, sabuni, mkate, chupa ya maji.

"Kama banakubakisha kule, usikose kitu," alisema, na akatangulia mbele.

Substitut aliyewapokea kwenye parquet aliitwa Lise Musau, mwendesha mashtaka mpya, mwanamke wa miwani aliyezungukwa na mafaili yaliyofungwa kamba. Alimtambua mara moja.

"Weye njo ule wa ku televizyo."

"Iyo, Madame Substitut. Leo nilikuja bila toge."

Tshala alieleza kila kitu: caisse, bango, boneti ya gari, beignets. Madame Lise aliandika, akainua hati kwenye mwanga wa dirisha.

"Signature ni yako. Kwa hii karatasi peke, naweza kukulaza hapa leo. Unajua?"

"Najua."

"Na utasaini byenye umesema?"

"Hii mara nitasoma kwanza."

Alisoma kurasa zote tano, mara mbili, wakati mama yake amekaa kwenye benchi la nje na mfuko magotini. Kisha akaomba waongeze mstari mmoja: kwamba nyumba ile haitaki, iuzwe, pesa zirudi kwa wenyewe. Akasaini. Madame Lise alimwachia arudi nyumbani, lakini alimkataza kutoka mjini. Tshala akasema hilo si tatizo.

Jérémy walimkamata siku ile ile. Ndege ilikuwa imekwisha ondoka, na yeye hakupanda. Walimkuta sebuleni kwa baba yake, mkoba miguuni, amekaa kama mtu anayengoja kuitwa.

Sasa mji ukachafuka. Mjomba wa Jérémy alimpigia Tshala simu, akamwambia kwamba mgeni hawezi kuharibu jina la familia ya pale.

"Papa, nilifundisha batoto benu batatu kusoma," alimjibu. "Mugeni ni nani?" Akakata simu.

Akachukua kisu cha jikoni, akaenda sokoni saa sita mchana watu wakiwa wamejaa, akapanda juu ya meza ya muuza chumvi na kukata bango lenye sura yake kutoka juu mpaka chini. Aliposhuka, mke wa askari aliyemtazama siku ile alikuwa mbele yake. Tshala akamwambia, bila kujitetea, kwamba yeye ndiye aliwaita wakaingia, na yeye ndiye atasimama nao mpaka nyumba iuzwe. Mwanamke yule alifikiri, akasema: "Basi maliza na théâtre. Tunataka kuona ule baba anafungwa."

Studio haikuwa na mafuta tena. Esdras alisema, macho chini, kwamba angepaswa kusema neno ile Jumamosi. Tshala alimwambia aseme sasa. Wanawake wa foleni wakaleta mafuta katika chupa za soda, nusu lita, robo lita, na sehemu ya mwisho ikarekodiwa kama Esdras alivyoiandika mwanzo, tajiri akafungwa.

Wiki mbili baadaye Madame Lise aliwaita Tshala na Jérémy ofisini kwake, uso kwa uso. Jérémy alikuwa amekonda. Wakili wake alikuwa ameshaandika kwamba mchumba ndiye aliyetaka nyumba, ndiye aliyesukuma. Mzigo ukigawanywa mara mbili, kila mmoja angebeba nusu. Tshala alikaa na mikono magotini. Alijua kwamba neno moja la mtu huyu linatosha.

"Mademoiselle Kapinga alijua kile alisaini?" Madame Lise akamwuliza Jérémy.

Wakili akakohoa. Jérémy hakumwangalia.

"Hapana."

"Unasema hapana?"

"Nilimuambia ni karatasi za commune. Hakusoma. Alikuwa anakula beignets, mikono yake iko na mafuta. Angalia ku original, Madame, chini kule. Vidole vyake viko."

Madame Lise akafungua hati ya asili. Pembeni ya sahihi kulikuwa na madoa mawili ya mafuta, moja kubwa, moja dogo. Wakili akafunga kalamu yake.

Nyumba iliuzwa mwezi wa kumi. Haikutosha yote, kila mtu alipata zaidi kidogo ya nusu, na Mamu Biuma akapanda lori la kwanza kwenda Kaniama kununua mahindi. Wiki iliyofuata hukumu ikasomwa: Jérémy miaka mitatu. Pasta Kapenda alikuja, akakaa mstari wa nyuma, akasikiliza mpaka mwisho.

Walipomtoa Jérémy, polisi walimwacha kidogo kwenye korido, maana Tshala alikuwa amesimama pale.

"Utaningoja?" akamwuliza.

Alimwangalia mtu aliyembeba mama yake mgongoni siku mbili katika matope, akaweka jina lake mbele ya risasi, kisha, siku ya mwisho, akaliondoa.

"Hapana," alisema. "Nilikupenda, Jérémy. Na kile ulisema mbele ya Madame, nitakikumbuka. Lakini hapana."

Jérémy akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekuwa anajua tayari. Wakamchukua.

Nje jua lilikuwa kali. Mamu Biuma aliinuka kwenye benchi, akapangusa vumbi kwenye kitenge chake.

"Alikuambia nini?"

"Aliniuliza kama nitamungoja."

"Na weye?"

"Nilimuambia kweli, Mamu."

Mama alimtazama usoni muda mrefu, akitafuta machozi. Yalikuwepo, na Tshala hakuyapangusa.

"Ni muzuri," alisema. "Twende. Kesho uko na darasa."