Vitabu Sitini vya Edgar

Kila siku baada ya uji wa saa nne, Devotha na wenzake wanne wa darasa la sita walikimbilia chumba cha kompyuta. Shule yao iko milimani, juu ya mji wa Same. Ina skrini tano zisizohifadhi chochote; kila kinachoandikwa hukaa kwenye kompyuta kuu moja, yaani seva. Walikuwa wakiorodhesha vitabu vya maktaba, ambayo ingefunguliwa Ijumaa mbele ya wazazi.

Mwalimu Clemence alimwachia Devotha achague pa kuandikia: faili la jedwali, au hifadhidata, programu inayopokea kazi za watu wengi kwa pamoja.

"Jaribuni zote mbili, wote watano kwa wakati mmoja," alisema.

Lakini Devotha alilipenda jedwali kwa sababu alilizoea. Alilijaribu peke yake dakika mbili tu, akasema, "Nimejaribu, mwalimu. Jedwali linafaa."

Jumatano, vitabu sitini alivyoorodhesha Edgar havikuonekana kwenye jedwali.

"Huyu alikuwa anacheza tu!" alicheka Faustina, mmoja wa wale watano.

"Niliandika, jamani, haki ya Mungu!" Edgar alisema, machozi yakimlengalenga.

Mwalimu alikunja uso. "Edgar, kama kazi imekushinda, kesho nafasi yako nitampa mwingine."

Devotha aliona haya hadi masikio yakamwaka. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa ya siku mbili tu.

"Mwalimu, Edgar hana kosa," alisema. "Sikujaribu na wenzangu. Nilijaribu peke yangu."

Mwalimu alimgeukia. "Baba yako si ndiye anayegawa maji ya ndiva, lile bwawa la kijiji? Siku asipokuwepo inakuwaje?"

"Kila mtu anageuzia mfereji shambani kwake. Wa mwisho ndiye anayepata maji."

"Basi jedwali halina mgawaji. Kila mmoja alifungua nakala yake, na aliyehifadhi mwisho akafuta kazi ya mwenzake. Hifadhidata inaye mgawaji."

Walijaribu hifadhidata wote watano kwa pamoja, na hakuna jina lililopotea. Devotha alimwomba Edgar radhi, kisha akamsomea majina ya vitabu vyote sitini huku Edgar akiandika upya. Faustina naye alikuja kusaidia.

Ijumaa, baba yake Devotha aliulizia kitabu cha ufugaji nyuki. Edgar aliandika jina.

"Kipo, rafu ya tatu!"

Mwalimu Clemence aliwageukia wanafunzi wake. "Kuchagua vibaya si dhambi, wanangu. Ila ukisema umejaribu kabla hujajaribu, anayeumia ni mwenzako."

"Na majina hayatapotea tena?" aliuliza baba, ambaye Devotha alikuwa amemsimulia yote.

"Hayapotei, baba," Devotha alijibu. "Safari hii tumejaribu, sote watano."