Siku Radi Alipopambana na Watatu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Beverly alimpeleka fahali wao mtoni kunywa maji. Fahali huyo aliitwa Radi. Alikuwa ameshinda mapambano sita ya fahali mfululizo, na sifa zake zilikuwa zimefika hadi eneo la Mukumu. Babake Beverly, Mzee Jairus, alimlisha kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna aliyeruhusiwa kumpeleka uwanjani bila idhini yake.

Alhamisi moja, Mwalimu Jepkosgei aliwapa wanafunzi wa Gredi ya Nane mdahalo: je, taifa moja lenye nguvu kupindukia linaweza kuyashinda mataifa kadhaa yenye majeshi makubwa kwa wakati mmoja?

"Linaweza!" Beverly alisema huku akipiga meza. "Lina ndege, meli na makombora kuliko yote. Litalimaliza moja, kisha liende kwa jingine."

Willis, jirani yake, akasimama. "Na likiwa linapigana na hilo la kwanza, hayo mengine yatakuwa yamelala?"

Darasa zima likaangua kicheko. Kura zilipopigwa, Beverly akashindwa. Alitoka nje kwa hasira.

"Radi wetu peke yake anawatosha fahali wenu watatu!" akamfokea Willis na rafiki zake wawili.

"Mlete Jumamosi basi, tuone," Willis akajibu.

Jumamosi ilipofika, Mzee Jairus alikwenda mjini Kakamega kutafuta dawa ya kupe. Beverly akamfungua Radi. Uwanjani alimkuta Willis na wale rafiki zake wawili, kila mmoja ameshika kamba ya fahali wa kwao. Kamba zikaachiliwa.

Radi hakungoja. Alimvamia fahali mweusi wa akina Willis, pembe zikagongana kwa kishindo. Pembe moja ya yule mweusi ikang'oka shinani, damu ikamfunika uso. Radi akageuka, akampiga wa pili shingoni hadi akapiga magoti.

"Mmeona?" Beverly alipiga kelele. "Mmeona?"

Papo hapo fahali wa tatu, mwekundu, mdogo kuliko wote, akaja kwa upande na kuzamisha pembe ubavuni mwa Radi. Radi akanguruma. Alitaka kumgeukia, lakini yule wa pili alikuwa ameinuka na kumkaba kwa mbele. Akachomwa tena. Na tena. Nyasi zikalowa damu, matumbo yakaanza kutoka.

"Mwacheni! Mwacheni!" Beverly alijitosa katikati, akaivuta kamba ya Radi. Kichwa kizito cha Radi kikamrusha juu. Aliangukia mkono, akausikia mfupa ukivunjika kama muwa mkavu. Willis alimshika miguu, akamburuta kando, na kwato zikatua pale pale kichwa chake kilipokuwa.

Watu waliokuwa wakipalilia mahindi walikuja mbio na fimbo, wakawatenganisha fahali hao. Radi alikuwa amelala chini, akihema kwa shida.

Mzee Jairus, aliyepigiwa simu akiwa mjini, alifika pamoja na daktari wa mifugo. Daktari alichungulia jeraha, akatikisa kichwa. "Hakuna namna, Mzee. Mwondolee mateso."

Mzee Jairus alimpapasa Radi shingoni kwa muda mrefu. Kisha akaomba kisu.

Kesho yake Beverly alikuwa hospitalini, mkono umefungwa plasta. Willis alikuja kumwona. "Tuseme kamba ilikatika," alinong'ona. Beverly alitamani kukubali. Lakini babake alipoingia, macho mekundu, aliusema ukweli.

"Baba, nilimfungua mimi. Nilishindwa kwenye mdahalo, nikataka kuwaonyesha. Nisamehe."

"Nami nilimchochea, Mzee," Willis akaongeza.

Mzee Jairus aliketi kitandani. "Willis, fahali wenu ana pembe ngapi leo?"

"Moja."

"Na yule wa pili?"

"Hali chochote. Shingo imevimba."

"Haya, niambieni nani alishinda."

Beverly akautazama mkono wake uliovunjika.

"Mtawakatia fahali hao wawili nyasi na kuwaosha vidonda mpaka wapone," alisema Mzee Jairus. "Wewe, Beverly, utaanza mkono ukipona. Mwenye nguvu hana macho mgongoni, mwanangu, na wanaoungana kumwangusha hurudi kwao wakichechemea. Radi hakuwa na ugomvi na yeyote. Alikufa kwa ugomvi wenu. Ukishindwa kwa maneno, tafuta maneno bora zaidi. Usitafute pembe."