Saini Kumi na Tisa

Siku za shule Aili Koskela aliamka saa kumi na mbili na nusu, akavaa buti na koti zito, akachukua koleo na kuondoa theluji iliyoziba njia kutoka mlangoni hadi barabarani. Hiyo ilikuwa kazi yake. Kazi ya shangazi yake, Ritva, ilikuwa kupika uji wa shayiri na kubishana na redio. Waliishi wawili tu hapo mjini Thunder Bay, kwa kuwa baba yake Aili alikuwa mgodini huko kaskazini na alirudi kila baada ya wiki tatu.

Kazi nyingine ya shangazi, ile ya ofisini, ilikuwa ngumu kueleza.

"Hivi shangazi yako anafanya nini hasa?" Josette Pelletier, rafiki yake Aili, alimwuliza walipokuwa wakitundika makoti nje ya darasa la saba.

"Ni mshauri wa utawala wa intaneti na haki za kidijiti."

"Haya, sasa sema kwa lugha ya watu."

"Anakwenda kwenye mikutano ambako watu wanabishana nani atawale mtandao, na nani aruhusiwe kujua habari zako. Halafu anawaambia walioandika sheria mbaya kwamba wameandika sheria mbaya."

"Na wanamsikiliza?"

"Wengine. Wengine wanamtoa nje."

Mwezi wa kwanza, Shule ya Cedar Bluff ilileta programu mpya kwenye vishikwambi vya wanafunzi. Mwalimu Halloran alieleza kwamba kamera ingetazama uso wa kila mwanafunzi na kutoa alama za usikivu, ambazo zingeonekana ukutani mbele ya darasa zima. Wiki ya kwanza Aili alipata tisini na sita, akatembea kifua mbele. Josette alipata thelathini na moja.

Tangu kuzaliwa, ukope wa jicho la kushoto la Josette ulikuwa umelegea. Programu ilidhani anasinzia. Kila baada ya dakika chache kengele ndogo ililia na maandishi yakatokea kwenye kioo: *Josette, amka.*

"Bibi Usingizi, mto wako uko wapi?" alisema Corwin, aliyekaa nyuma yake, na darasa likacheka. Aili naye alitabasamu kidogo, jambo ambalo baadaye lilimwuma.

Wiki ya tatu ikatoka amri kwamba mwenye alama chini ya hamsini abaki darasani wakati wa mapumziko na asishiriki maonyesho ya sayansi. Josette alikuwa ametengeneza kifaa cha kupima unene wa barafu ziwani, kazi ya miezi minne. Mama yake alikwenda kwa mwalimu mkuu, akajibiwa kwamba programu haina upendeleo. Inawatazama wote sawa.

Siku hiyo Josette alichukua bisibisi. Alikifungua kifaa chake vipande vipande, akaviweka ndani ya boksi.

Jioni Aili alimweleza shangazi yake kila kitu.

"Mkataba umeuona?" Shangazi Ritva aliuliza.

"Mkataba gani?"

"Kila kinachokutazama kina mkataba mahali fulani. Tuuombe."

Aliandika barua, na baada ya siku nane mkataba ukaja. Jumamosi asubuhi waliusoma mezani jikoni, ukurasa kwa ukurasa. Ukurasa wa kumi na moja ulisema picha za nyuso za watoto zitahifadhiwa miaka saba, na kampuni iliyotengeneza programu inaweza kuwapa "washirika wake". Washirika hao hawakutajwa hata mmoja.

"Nani aliwaruhusu?" Aili aliuliza kwa hasira.

Shangazi alivua miwani. "Wazazi na walezi. Ilikuja fomu ya mstari mmoja. Yako niliisaini mimi. Nilikuwa nawahi ndege, sikuuliza kitu. Mimi, ambaye hii ndiyo kazi yangu."

Aili alimkodolea macho. Hakuwahi kumwona shangazi yake akiona aibu.

Kanuni za kamati ya shule zilisema jambo likiletwa na watu sitini wenye watoto au wajukuu shuleni, lazima lisikilizwe. Aili aliandika barua ya kupinga programu, akampa Josette nakala ya mkataba, akaanza kugonga milango. Kulikuwa na baridi ya kukata masikio, na watu wengine walimsikilizia mlangoni bila kumkaribisha ndani. Hadi Jumatatu alikuwa na saini arobaini na moja, na barua ilitakiwa kufika shuleni Jumanne asubuhi. Basi akaketi kwenye kona ya maktaba na kalamu za rangi tofauti, akaandika majina kumi na tisa ya watu aliodhani wangekubali. Alijiambia ni kwa ajili ya Josette.

Jumatano Shangazi Ritva aliipitia nakala ya barua hiyo, kidole chake kikafika katikati ya ukurasa wa pili, kikasimama.

"Jirani yetu Mzee Wasyl kasaini vizuri sana," alisema. "Na mkono wake wa kulia umevunjika, una plasta tangu Krismasi."

Aili akainama.

"Mangapi?"

"Kumi na tisa."

Shangazi hakupaza sauti. Alivuta kiti. "Nilipokuwa na miaka ishirini na sita nilikuwa fundi wa kampuni ya simu. Wafanyakazi walikuwa wamegoma. Bosi akaniambia nimtolee orodha ya watu wote waliompigia simu kiongozi wao. Nikakataa, nikafukuzwa. Kazi yangu hii ilianzia hapo. Tangu siku ile, kila ninapokwenda kupinga jambo, kuna mtu anatafuta uongo wangu. Mmoja tu, hata mdogo. Hajaupata, ndiyo maana bado naingia kwenye vyumba vile."

"Sasa nifanye nini?"

"Kikao ni kesho. Amua mwenyewe."

Siku ya pili saa kumi jioni ukumbi wa michezo ulijaa. Kijana wa kampuni, aliyevaa suti nzuri, alionyesha michoro ya alama zilizopanda. Kisha mwenyekiti wa kamati, Bi. Strickland, akamwita Aili.

Aili alisimama.

"Kabla sijasema lolote," alianza, "majina kumi na tisa kwenye barua ile niliyaandika mimi. Wenyewe hawajui. Nilifanya kosa."

Minong'ono ikaenea. Bi. Strickland akaifunga faili. "Basi barua haina nguvu. Keti, binti."

"Sitaketi, Mama Mwenyekiti."

"Unasemaje?"

"Ondoa hao kumi na tisa. Wamebaki arobaini na mmoja, wote wa kweli, na wengi wako humu ndani. Waulize."

"Kanuni inasema sitini."

Mzee mmoja akainuka taratibu katikati ya ukumbi. Alikuwa Mzee Wasyl, mkono wake ukining'inia kwenye kitambaa.

"Mimi ni mmoja wa hao kumi na tisa," alisema. "Jina langu limetumika bila kuulizwa, na hilo nitalizungumza na huyu mtoto, asidhani nimesahau. Ila wajukuu zangu wawili wako shule hii. Leteni kalamu. Nitasaini kwa kushoto."

Alisaini vibaya kama mtoto wa chekechea. Nyuma yake wakapanga foleni wengine, hata ambao Aili hakuwahi kuwabishia hodi. Majina yalipofika sabini na mbili, Bi. Strickland aliifungua tena faili.

Shangazi Ritva akasimama. Alikiri mbele ya wote kwamba alisaini fomu bila kuuliza. Kisha akamgeukia kijana wa kampuni. "Ukurasa wa kumi na moja unataja washirika. Nitajie mmoja."

Kijana akapekua karatasi zake. "Tutawajibu kwa maandishi."

"Mmoja tu."

Kijana akazirudisha karatasi mkobani.

Ndipo Josette akatoka kwenye kiti chake bila kuitwa. Aliweka kishikwambi mbele ya Bi. Strickland, akaiwasha programu, akasimama wima mbele ya kamera na kuanza kusema ukurasa wote wa kumi na moja kwa kichwa, neno kwa neno. Alipofika mstari wa tatu kengele ikalia. Mstari wa saba ikalia tena. *Josette, amka.* Hakukatiza. Alimaliza na tarehe na jina la aliyesaini mkataba, yaani Bi. Strickland mwenyewe.

"Mimi sijalala," alisema. "Kimelala hiki."

Hata Corwin, aliyekaa na mama yake, alitazama sakafu.

Kamati ilipiga kura jioni ileile. Kamera zizimwe kesho yake, picha zote zifutwe ndani ya siku thelathini, na Josette arudi kwenye maonyesho. Kuhusu saini za uongo, mwalimu mkuu aliamua Aili akaombe radhi nyumba kwa nyumba, zote kumi na tisa.

Jumamosi shangazi alimsindikiza hadi nyumba ya kwanza. Aili alisimama kwenye ngazi, mikono ndani ya mifuko.

"Lakini tulishinda," alisema. "Na nilikuwa na haki ya kukataa."

"Ulikuwa nayo, na usije ukaiachia mtu. Ila jiulize tulikuwa tunakataa nini. Tulikataa watu kuchukua nyuso zenu bila kuwauliza. Wewe ukachukua majina ya watu bila kuwauliza. Jambo zuri halikupi ruhusa hiyo. Ukipinga, pinga kwa jina lako mwenyewe, mchana kweupe, na usitoke mahali pako."

Aili akautazama mlango. "Na wakikataa kunisamehe?"

"Hiyo nayo ni haki yao," alisema Shangazi Ritva. "Piga hodi."