Mtoto Aliyetulia Mno

Kila asubuhi Mignonne alianza kazi kwa kupangusa vumbi. Malori ya madini yalipita barabarani usiku kucha, na kulipokucha kila dirisha la hospitali lilikuwa jekundu. Alipangusa madirisha, akabadilisha mashuka, akanawa mikono hadi viwikoni, kisha akazunguka kitanda kwa kitanda kuwauliza akina mama kama watoto wao wamenyonya. Aliuliza kwa upole, lakini moyoni alikuwa amenuna.

Alikuwa muuguzi mpya. Tangu utotoni, kwao Kisenge, alitaka kitu kimoja tu: kuwahudumia watoto waliozaliwa kabla ya wakati, katika chumba cha kuvezi. Kuvezi ni sanduku la kioo lenye joto. Mtoto hulala ndani yake, nyaya kifuani, na mashine hufuatilia joto na mapigo ya moyo wake. Shuleni Mignonne alikijua kila kitufe cha mashine hiyo kwa picha. Siku hospitali moja ya Kolwezi ilipomwajiri, alirudi nyumbani akiimba njia nzima.

Wimbo uliisha siku ya kwanza ya kazi. Mama Laurentine, muuguzi mkuu, alimpeleka chumba cha jirani, ambacho hakikuwa na mashine hata moja. Humo walikaa watoto waliokwisha kupata nguvu kidogo. Kila mmoja alifungwa kwa kikwembe, yaani kitenge, kifuani mwa mama yake, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku, apate joto la mwili wa mama. Kazi ya Mignonne ilikuwa kufunga vikwembe, kuwapima watoto joto, na kuhakikisha kwamba mama akitoka, ndugu mwingine anambeba mtoto kifuani vilevile.

Kilichomchoma zaidi ni Gloire. Walisoma pamoja na kuajiriwa pamoja, lakini Gloire aliwekwa moja kwa moja kwenye kuvezi.

"Mi nilisomea mashine, banitia mu bikwembe," Mignonne alimlalamikia siku moja wakila mchana.

"Vumilia," Gloire alimwambia. "Mama Laurentine anatafuta mutu mwingine wa kuvezi. Atachagua juma hii. Anakuangalia."

"Anaangalia nini? Namna nafunga mafundo?"

Gloire alicheka, lakini Mignonne hakucheka. Juma hilo alifanya kila kitu haraka na kwa usahihi, akimwangalia Mama Laurentine kwa pembe ya jicho. Nafasi hiyo aliitaka mno.

Siku ya Alhamisi, Stéphanie, mama kijana wa mtaa wa Kasulo aliyejifungua kwa upasuaji, aliitwa kwenda kubadilishiwa bandeji ya kidonda. Mama mkwe wake, Mama Adolphine, alikuwa ndiyo kwanza amefika kutoka Sandoa na unga wa muhogo, na suti ndogo ya sufu ya rangi ya maziwa. Mignonne alimtoa mtoto kifuani mwa Stéphanie na kumgeukia bibi.

"Mama, toa blauzi. Utamubeba mutoto ku kifua mpaka mama yake arudi."

Mama Adolphine alimtazama kama mtu aliyetukanwa.

"Nitoe blauzi hapa? Muke ya mutoto yangu akirudi, anikute hivi? Hapana. Tena bajomba ya mwana wangu Hénock beko inje, banangoja kumuona. Mutoto wa kwanza ya Hénock, batu ya kwetu bamuone uchi? Umuvalishe hii. Bamama ba kanisa njo balifuma."

Mignonne aliijua kanuni. Alijua pia kwamba kubishana na mama mkwe wa mtu ni kazi ya kutwa nzima. Na wakati huohuo, chumba cha pili, fundi alikuwa anafungua kuvezi mpya iliyoletwa asubuhi. Mignonne alizisikia sauti za watu wakishangaa. Akajiambia kwamba sufu ni nzito, na hakuna kitu chenye joto kama sufu. Akamvalisha mtoto suti, soksi na kofia, akamlaza kitandani na kumfunika.

"Nakuya sasa hivi," alisema.

Akaenda kusimama kwenye dirisha la chumba cha kuvezi. Fundi alikuwa akieleza, na Gloire akibonyeza vitufe. Vyote Mignonne alivijua. Akabaki pale, akijiona yeye ndiye anayebonyeza, hata akasahau kwamba ameacha mtu kitandani.

Aliporudi, Mama Adolphine alikuwa ameketi kando ya mtoto, anatabasamu.

"Angalia vile anatulia," alisema kwa fahari. "Iko na heshima sana. Hata halii."

Mignonne hakulipenda neno hilo la kutolia. Aliingiza kidole ndani ya soksi, akakuta mguu umepoa kama maji ya mtungini. Akaweka kipimajoto kwapani mwa mtoto. Mtoto hakujikunja wala hakukunja uso. Joto lilikuwa limeshuka hadi digrii thelathini na tano.

Alikimbia kumwita Mama Laurentine, na humo njiani likamjia wazo baya: aseme bibi ndiye aliyemvalisha. Nani angebisha? Suti ni ya bibi, na ukaidi ni wa bibi.

Mama Laurentine aliingia, akamgusa mtoto, akauliza kwa sauti ya chini, "Nani alimutoa ku kifua?"

Mama Adolphine aliinamisha macho. Mignonne alimwona mama mzima akiogopa, na lile wazo likamtia kinyaa.

"Ni mi, Mama," alisema. "Bibi aliniomba, lakini mi njo muuguzi. Nilimuvalisha, nikaenda kuangalia mashine mupya."

"Basi muvue haraka. Abaki na kofia na nepi."

"Lakini sufu iko na moto," Mama Adolphine alisema polepole.

"Sufu haina moto yake, Mama. Inachunga tu ile ya mwenye kuivaa. Na huyu hajakuwa na ya kuchunga."

Mama Adolphine aliutazama mlango, akamtazama mtoto, kisha akaanza kufungua vifungo vya blauzi yake. Mignonne alimweka mtoto kifuani pa bibi na kumfunga kikwembe, safari hii bila haraka.

Hazikupita dakika nyingi Stéphanie akarudi. Alipomwona mama mkwe wake kifua wazi, akageukia ukuta kwa heshima.

"Usigeuke, mwanangu," Mama Adolphine alisema. "Kuya ukae karibu. Tumubebe pamoja."

Mignonne alisimama hapo, kipimajoto mkononi. Joto lilipanda kwa uvivu wa kuudhi. Hatimaye mtoto alikunja uso, akafungua kinywa na kulia, sauti nyembamba yenye hasira. Stéphanie alilia naye, na Mama Adolphine akacheka huku machozi yanamtoka.

Jioni Mama Laurentine alimkuta Mignonne akikunja vikwembe.

"Kuvezi nimeikosa," Mignonne alisema kabla hajaulizwa.

"Kwa sasa, ndiyo. Utabaki huku mpaka nikuambie. Unajua juu ya nini nilikuleta huku kwanza?" Mama Laurentine aliketi ukingoni mwa kitanda kitupu. "Kule mutoto akipoa, mashine inalia. Huku hakuna kitu ya kulia. Mwenye kulia njo weye. Ukizoea kumusikia mutoto asiyelia, nitakupa mashine, nitalala usingizi. Leo ulimuacha, na hiyo ni kosa kubwa. Lakini ulikimbia kuniita na haukudanganya, kwa hiyo tulimupasha moto mapema. Mwongo hawezi kuchunga mutoto, hata akijua vitufe vyote."

Mignonne alikuwa na hasira bado, ila sasa alijikasirikia mwenyewe. Mama Laurentine alipotoka, Mignonne alinawa mikono, akaenda kugusa miguu ya watoto wote, mmoja baada ya mwingine.